Nyama mbichi, nyanya mbichi

Ugomvi wetu wa nyumbani ulianza Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, kwa sababu ya kuku mmoja na maneno mawili. Kuku alitoka soko la Kenya (wasomaji wa mbali wajue kwamba Kenya ya hapa Lubumbashi ni komine, si nchi). Maneno mawili yalitoka kinywani mwangu: "Ni uchafu."

Ninakaa Katuba kwa mama mkubwa, dada ya mama yangu, ambaye ananilipia masomo tangu mwaka wa kwanza. Siku ile alichinja kuku mwenyewe uani, akamtia katika maji ya moto, akamnyonyoa, akamtumbua, akamwosha katika beseni mara mbili, mara ya pili kwa chumvi na limau. Kisha akamkatakata juu ya kibao. Vipande vilipoingia chunguni, alikimwagia kibao maji kidogo, akakipangusa kwa kitambaa, na juu ya kibao kile kile akaanza kukata nyanya, vitunguu na pilipili za kula bila kupika, pamoja na bukari.

Mimi nilikuwa nimesoma juma lile lile ushauri wa wataalamu wa afya kwamba kuku mbichi haoshwi. Nikiwa nimesimama mlangoni mwa jiko, mikono mifukoni, nikatoa hukumu. Bahati mbaya walikuwepo wamama wawili wa likelemba yake, waliokuja kuhesabu pesa.

Mama mkubwa hakupaza sauti. Aliuliza tu: "Weye, ku iniversite njo banakufundishaka kutukana bamama?"

Kwa wiki mbili baada ya hapo aliniwekea sahani yangu juu ya kigoda bila neno. Anayejua nyumba za kwetu anajua kwamba kelele ni nafuu kuliko hivyo.

Katika wiki hizo mbili nilikuwa na nafasi ya kufikiri juu ya neno nililolitumia, na nadhani sisi wa lugha tunapaswa kulitazama kabla ya kuwaachia wenzetu wa kitivo cha tiba jambo lote. Nilitaka kusema kwamba kibao kina vijidudu. Nilichosema, kwa masikio yake, ni kwamba yeye ni mchafu. Kiswahili hakitenganishi mambo hayo kwa urahisi. Shati ni chafu, maji ni machafu, maneno ni machafu, roho ni chafu, na mwanamke akiitwa mchafu mbele ya wenzake, hakuna anayefikiria vijidudu. Wanafikiria malezi yake, ndoa yake, hata mama aliyemzaa. Mary Douglas, aliyeishi kati ya Walele wa Kasai kuanzia mwaka 1949, aliandika baadaye katika kitabu chake cha 1966, Purity and Danger, kwamba uchafu ni kitu kilichokaa pasipo mahali pake. Wazo hilo tunalisoma darasani tukitikisa vichwa. Mimi nililisoma, nikafaulu mtihani, kisha nikaingia jikoni kana kwamba sijawahi kulisikia.

Tena kwa sisi wa Katanga neno hili lina umri. Wakati wa Wabelgiji, katika makambi ya wafanyakazi wa migodi, na katika zile nyumba za mafundisho zilizoitwa foyer social, wake za wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika, kuosha watoto na kupanga nyumba kama alivyotaka Mzungu. Ilipokuja amri ya immatriculation mwaka 1952, mwanamume aliyetaka kuhesabiwa kati ya waliostaarabika aliweza kuletewa wakaguzi hadi ndani kwake, watazame familia inavyolala na inavyokula. Bibi zetu walipita katika macho hayo. Kwa hiyo kijana mwenye daftari anaposimama mlangoni mwa jiko na kusema "ni uchafu", anasimama mahali ambapo mwingine alisimama kabla yake. Sikulijua hilo. Nadhani mama mkubwa alilijua bila kuhitaji tarehe.

Lakini sitaki kukimbilia historia ili nikwepe swali. Je, nilikuwa na haki au sikuwa nayo?

Ushauri wenyewe ni wa kweli. Nyama mbichi ya kuku mara nyingi hubeba bakteria kama Salmonela na Kampilobakta. Maji yakiigonga, matone huruka na kutua juu ya sahani, nguo na chakula kilicho karibu. Kuosha hakuviui vijidudu. Kinachoviua ni moto, na Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifike nyuzi 70 hadi ndani. Yote hayo nilimweleza mama mkubwa baadaye, na jibu lake lilikuwa fupi: "Mikrobe inakufaka ku moto. Kuku yangu inapitaka ku moto." Sawa kabisa. Hapo hatukuwa na ugomvi.

Kilichonitatiza ni kwamba ushauri ule uliandikwa kwa ajili ya mtu anayetoa kuku katika friji, amefungwa plastiki, hana manyoya wala matumbo, na mbele yake kuna bomba. Kuku wetu alikuwa hai saa moja kabla. Alikuwa na damu, mabaki ya manyoya, na mchanga wa uani. Kumwambia mama wa Katuba asimwoshe ni kumwambia apike mchanga. Ningekuwa yeye, ningecheka.

Kisha nikakutana na takwimu zilizonishusha kabisa. Mwaka 2019 Idara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa pamoja na chuo kikuu cha North Carolina State. Watu walipika kuku na kutayarisha saladi, na watafiti wakafuata njia ya bakteria. Kati ya walioosha kuku, asilimia 60 waliacha bakteria katika sinki, na asilimia 26 walizihamishia katika saladi. Niliposoma hapo nilitaka kukimbia uani na simu mkononi. Nikasoma mstari uliofuata: kati ya wale ambao hawakuosha kuku wao, asilimia 31 saladi yao pia ilikutwa na bakteria.

Yaani walitii ushauri, na bado. Bakteria zilipita kwingine: mikononi, kisuni, katika kibao. Mimi nilikuwa nimegombana na beseni, wakati kosa, kama lipo, lilikuwa dakika kumi mbele, pale nyanya ya kwanza ilipowekwa juu ya kibao. Na kuhusu kibao, nilipofoka siku ile, sikusema hata neno moja.

Hapa ndipo lugha ilipotusaliti mara ya pili, na hii ndiyo sababu ninaandika katika jarida hili wala si kwingine.

Shirika la Afya Duniani lina bango lake la mwaka 2001 lenye kanuni tano za chakula salama. Kanuni ya pili, kwa ufupi wake, ni kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa. Kwa Kifaransa ni hivyo hivyo, cru upande huu, cuit upande ule, na wapenzi wa Lévi-Strauss watafurahi. Maelezo madogo chini ya kichwa yanasema wazi kwamba nyama, kuku na samaki wabichi wakae mbali na vyakula vingine. Lakini nani anakumbuka maelezo madogo? Kinachobaki kichwani ni kichwa cha habari.

Nilipomsomea mama mkubwa kanuni hiyo, wiki ya tatu, siku aliyoanza tena kuniita kwa jina, alisimamisha kisu na kunitazama. "Nyama iko mubichi. Nyanya iko mubichi. Sasa ntenganishe nini na nini?"

Sikuwa na jibu. Fikirini neno hili. Nyama mbichi haijapikwa. Embe bichi halijaiva. Kuni mbichi hazijakauka. Maziwa mabichi hayajachemshwa. Tunakusanya hayo yote katika kivumishi kimoja, na ni uzuri wa lugha yetu, sina malalamiko. Ila mama mwenye kibao kimoja akiambiwa atenge vibichi na vilivyopikwa, atafanya nini? Ataweka nyama na nyanya upande mmoja, maana zote ni mbichi, na bukari upande wa pili. Atakuwa ametii bango neno kwa neno, na atakuwa ameweka pamoja vitu viwili hasa vilivyopaswa kuachana. Alichokifanya mama mkubwa Jumapili ile ndicho bango lilichoonekana kusema.

Nilijaribu kueleza upya. Nikasema kuna vibichi vya namna mbili, nikaanza kujikanyaga. Yeye akanikata: "Basi sema: ya kwenda ku moto, na ya kukosa kwenda ku moto."

Sijasikia tafsiri bora kuliko hiyo. Nyama inakwenda motoni. Nyanya ya leo haiendi motoni. Kinachokwenda motoni kinaweza kubeba chochote, moto utakishughulikia. Kisichokwenda motoni hakina mtu wa kukitetea. Katika mpango huo hata kuosha kuku kunapata mahali pake: osha, lakini maji ya beseni yasiruke juu ya kisichokwenda motoni. Neno "safi" halikuhitajika, wala "chafu", na hakuna mama aliyetukanwa.

Najua baadhi ya wakufunzi wetu wataniambia kwamba kazi ya mfasiri ni kuwa mwaminifu kwa matini. Nakubali, ila nauliza mwaminifu kwa nani. Vijana wa kitivo hiki huombwa mara kwa mara kutafsiri mabango na vijikaratasi vya afya, na tunafanya kazi hiyo mezani, kamusi kushoto, Kifaransa kulia. Tunatafuta neno sahihi la "microbe" kwa nusu saa, kisha tunapita juu ya "-bichi" bila kusimama, kwa kuwa ni neno la kila siku na tunadhani tunalijua. Ningependa kabla ya kukabidhi bango lolote la chakula tulisome kwa sauti katika jiko moja la mtaani, mwenye jiko akiwa na kisu mkononi, na tumwache atuulize maswali.

Kulikuwa na jambo jingine nisilolitaka kuliandika, lakini bila hilo makala hii ingekuwa ya uongo. Suluhisho langu la kwanza lilikuwa sabuni na maji: kibao kioshwe vizuri kila baada ya nyama. Mama mkubwa hakupinga. Aliuliza maji ya nani. Kwetu maji hayatoki bombani ndani. Yanatoka uani kwa jirani, kwa bidoni za lita 20, na wanaoyabeba ni binamu zangu wawili wasichana, wa miaka 12 na 15. Mimi katika miaka mitatu sikuwa nimebeba bidoni hata moja kwa ajili ya jiko. Usafi niliokuwa nikiudai ulikuwa na uzito, na ulikuwa juu ya vichwa vya wengine. Sasa ninabeba bidoni mbili kila asubuhi kabla ya kwenda masomoni. Majirani walinicheka siku za kwanza, wamechoka.

Suluhisho la pili halikudai maji, na tena halikuwa langu. Binti wa miaka 15, aliyekuwa akichambua sombe pembeni, aliuliza kwa nini nyanya zisikatwe kwanza, kabla ya kuku. Kibao kikiwa bado hakijaona nyama, hakuna cha kuosha. Mama mkubwa alikataa: nyanya zikikatwa mapema zinatoa maji na kuvuta nzi. Wakajadiliana. Wakakubaliana kwamba zitafunikwa kwa sahani, na chumvi itatiwa mwishoni, mezani. Tangu siku ile tunakata nyanya kwanza.

Mtoto wa mwisho wa nyumba aliharisha mara mbili mwaka jana. Sitasema ni kibao, maana katika mtaa wetu maji yenyewe, mikono, embe la njiani, chochote kinaweza kuwa sababu, na sina haki ya kumtwika mama mkubwa kesi ambayo siwezi kuithibitisha. Lakini hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu Jumapili ile, nyuma ya yale maneno mawili. Nilimwambia hivyo hatimaye. Alinyamaza kidogo, akasema ningeanza na hilo.

Kuku bado anaoshwa mara mbili, kwa chumvi na limau. Kuhusu kitambaa cha kupangusia kibao, ambacho ni kile kile kinachopangusia mikono ya wageni, bado hatujapatana.