Mama Zetu Wasisubiri Kuugua Ndipo Wapande Ndege



Kabla hujaendelea kusoma, jiulize: mama yako amepanda ndege mara ngapi maishani mwake, na alikwenda kufanya nini?

Wengi wetu hapa visiwani jawabu tunalijua. Alikwenda India kutibiwa moyo au figo. Alikwenda Maskati kwa binti yake aliyejifungua, akakaa miezi mitatu akifua nguo za mtoto na kumkanda mzazi. Au alijaaliwa kwenda Hijja, na aliporudi pasipoti ikatiwa chini ya kanga kwenye sanduku mpaka ikaisha muda wake. Kuugua, kulea na kuhiji. Safari ya nne, ile ya kupumzika tu, akae aangalie bahari ya watu wengine huku anayetia chai ni mtu mwengine, hatujaihesabu kuwa ni haki yake.

Sisi tunasema hilo ni kosa. Na ni kosa letu sisi watoto wa kike kabla ya mtu mwengine yeyote.

Fungate tunaijua, mama je?

Tumekuwa hodari wa kupanga safari. Bibi harusi wa leo anajua hoteli gani ina bwawa la peke yake, anajua mwezi gani Istanbul haina baridi, anajua baibui la rangi gani linatoka vizuri kwenye picha. Hatusemi fungate ni vibaya. Mume na mke wana haki ya kukaa faragha na kujuana. Tunachouliza ni kwa nini hesabu ile ile, ujanja ule ule wa kutafuta tiketi ya bei nafuu usiku wa manane, haujatumika hata mara moja kwa yule aliyeuza bangili zake ili sisi tumalize skuli.

Na usituambie hapana pesa. Pesa zipo, zinapita tu. Kila harusi ina sare yake, kila sare ina fundi wake, kila ukumbi una mapambo ambayo kesho yake asubuhi yanang'olewa na kutupwa. Chukua daftari, andika ulichotoa mwaka huu kwa sare, mapambo na michango ya shughuli za watu ambao wengine hata majina yao kamili huyajui. Utashangaa kuona umekaribia tiketi kiasi gani. Upatu tunacheza wa makochi na wa mafriji. Wa mama bado hatujaucheza.

Tunayajua majibu mawili yanayotolewa hapa.

La kwanza: "Bora nimpeleke Umra." Naam, na kama mama hajahiji na uwezo upo, anza na Hijja, hilo halina mjadala. Lakini tuseme ukweli baina yetu: wengi wanaosema hivyo hawampeleki huko wala kwengine. Umra imekuwa pazia la kujifichia. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kufanyiwa wema, alimtaja mama mara tatu kabla ya kumtaja baba. Hakuufunga wema huo kwenye aina moja ya safari.

La pili: "Mama mwenyewe hataki." Bila shaka atasema hataki. Umeshamsikia lini mama wa Kizanzibari akisema anataka? Ukimpa minofu atasema anapenda mifupa. Sisi tulipomwambia mama yetu, alijibu kuwa kuku wake watakula nini. Tukamtafutia mtu wa kuwalisha. Akasema hana viatu. Tukamnunulia viatu. Jibu la tatu hakuwa nalo, akaanza kuuliza huko kuna baridi au joto.

Kwa nini tulikwenda Maskati

Tulikuwa wanne: mama, sisi binti zake wawili, na kaka yetu mdogo aliyekuwa maharimu wetu. Suala la mwanamke kusafiri bila ya maharimu usilikimbie na usilitolee fatwa mwenyewe. Muulize sheikh unayemwamini kabla hujakata tiketi. Kwetu lilikuwa jepesi, kaka alijilipia, na mizigo ilipata wa kuibeba.

Tulichagua Omani kwa sababu mama hakuhitaji mkalimani. Ukienda sokoni Matrah, haichukui muda utasikia Kiswahili, na mara nyingine ni Kiswahili cha kizamani kuliko chetu. Chakula halali si swali, msikiti uko karibu, na mwanamke aliyevaa baibui haangaliwi mara mbili. Kwa mama aliyezidi miaka 60, kutokuwa kioja ni nusu ya mapumziko.

Sasa tuyaseme tuliyojifunza, pamoja na tuliyoyakosea, maana hayo ndiyo yatakayokufaa.

Usimpeleke mama akafanye kazi kwa jamaa

Hapa ndipo tunapotaka kugombana na desturi yetu. Sote tuna jamaa Omani, na sote tumefundishwa kwamba kulala hoteli wakati ndugu wapo ni dharau. Basi siku tatu za mwanzo tulifikia kwa jamaa zetu Sib. Watu wema kabisa, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini alfajiri ya kwanza tulipoamka, mama yuko jikoni anakanda unga wa mandazi. Ya pili anapika mchuzi wa nazi, kwa sababu wenyeji wameupenda sana na majirani wamealikwa. Ya tatu anaosha masufuria. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yetu alikabidhiwa jembe siku ya kwanza, na alilipokea mwenyewe kwa mikono miwili, kwa sababu hajui kukaa kwenye nyumba ya mtu bila ya kutumika.

Siku ya nne tulihamia kwenye chumba cha kupanga chenye jiko dogo, riyali 17 kwa usiku kwa sote wanne. Jamaa walinuna. Tukawaambia: "Shangazi, Ijumaa sote tuko kwenu kwa chakula cha mchana, na sisi tutakuja na halua." Ijumaa ilipofika manung'uniko yalikwisha. Wapenzi wetu, jamaa wanatembelewa, na heshima yao haipungui. Kulala kwao wiki nzima si sharti la undugu. Na pesa ya chumba ndiyo pesa ya safari yenyewe. Ukiiokoa hiyo, umemhamishia mama jiko lake ng'ambo.

Mambo ya kufanya kabla ya kuondoka

Nenda kati ya Novemba na Machi. Kiangazi cha Maskati joto hupita nyuzi 40, na hicho si kipindi cha kumtembeza mtu mzima. Tiketi za kiangazi zikiwa rahisi, jiulize kwa nini ni rahisi.

Viza angalia mwenyewe kwenye tovuti rasmi ya Polisi ya Kifalme ya Omani kabla ya kumpa mtu pesa. Masharti hubadilika, na maneno ya mtu wa dukani si masharti. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na pasipoti, isitiwe kwenye begi kubwa.

Unapokata tiketi, omba kiti cha magurudumu kwa mama. Wengi wanaona aibu, wanasema mama anatembea. Anatembea nyumbani. Uwanja wa ndege ni mwendo mrefu na foleni ndefu, na kwa kawaida huduma ile hailipiwi. Na ukikuta tiketi ya kubadilisha ndege kwa bei ndogo, hesabu saa za kusubiri. Wewe utalala kwenye viti vya uwanjani. Magoti yake je?

Dawa zake zibaki kwenye pakiti zake, zikiwa na cheti cha daktari, na ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Dawa za maumivu makali usibebe bila ya cheti kabisa, nchi za Ghuba hazina mzaha na jambo hilo. Kata na bima ya safari. Mtoto anayesema bima ni kupoteza pesa hajawahi kuulizwa malipo mlangoni mwa hospitali ya ugenini.

Pesa na usafiri

Riyali moja ni baisa 1000, na ni kama dola 2.60. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Unaambiwa "riyali tano", unaona ni tano tu, kumbe umetoa dola 13. Mpe mama baisa zake mkononi, asiwe kila saa anaomba kama mtoto. Mama yetu alipopata pochi yake mwenyewe, sura yake ilibadilika.

Usiku wa kufika hatukupatana bei na dereva wa teksi, tukalipa kiasi ambacho baadaye tuliambiwa ni cha gari tatu. Mapatano yawe kabla ya mlango kufungwa, au tumia programu ya simu kama OTaxi inayokuonesha bei mwanzo. Yapo pia mabasi ya Mwasalat, ni rahisi na yana kipoza hewa. Ila jua kwamba Maskati si Mji Mkongwe. Mji umejinyoosha baina ya milima na bahari, Sib iko mbali na Matrah, na huwezi kusema utatembea kwa miguu.

Wapi pa kumpeleka

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ni wa lazima. Zulia lake ni la mkono, lina uzito wa tani 21 na lilifumwa kwa miaka minne. Upo ukumbi wa kusalia wa wanawake. Asubuhi, saa 2 hadi saa 5, isipokuwa Ijumaa, wageni wasio Waislamu huruhusiwa kutembea ndani. Kwa hivyo ukitaka utulivu nenda wakati wa sala, ukasali. Mama alitaka kujua kwa nini baadhi ya watu hawafungi mikono. Tukamwambia ni Waibadhi, akasema, "Basi kama wa kwetu wa zamani." Mas-ala yakaishia hapo.

Soko la Matrah liende jioni. Mchana maduka mengi hufungwa, na Ijumaa asubuhi usilitegemee. Nyinyi mabibi harusi, ubani wa Dhofar na udi ni huko, lakini nusa kwanza, lipa baadaye, na wala usimwachie mama kubeba mifuko ya harusi yako. Hakwenda kuwa mchukuzi.

Nizwa ni kama kilomita 160. Mnada wa mbuzi wa Ijumaa asubuhi ulimfurahisha mama kuliko kitu chochote. Alikuwa akiwatia bei kimoyomoyo. Kosa letu likaja baada ya hapo. Tulimpandisha ngome ya Nizwa, ile ya Imamu Sultan bin Seif wa karne ya 17, kwa sababu sisi tulitaka picha za juu ya mnara. Ngazi zile si za magoti ya miaka 63. Katikati ya njia akakaa chini, akasema "Nendeni, mimi nawasubiri." Na sisi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulikwenda. Tuliporudi alikuwa bado ameshika ukuta, anatabasamu ili tusijilaumu. Picha zile hatujazitazama tena.

Kwa hivyo kanuni yetu ni hii: jambo moja asubuhi, jambo moja jioni, na baina yake alale. Kama anachotaka ni kukaa ufukweni Matrah na kahawa na tende akihesabu majahazi, basi safari ndiyo hiyo. Safari ni yake.

La mwisho

Tumeambiwa ndani ya Qur'ani tusiwaambie wazazi hata "ah", na tuwatamkie maneno ya heshima. Sisi tumelichukua hilo kuwa ni adabu ya ulimi tu. Tunasema "ndiyo mama", "inshaallah mama", "mwakani mama", na ulimi wetu ni msafi kabisa. Huku miaka inakwenda.

Baba yetu alikuwa akitamani kuliona soko la Matrah, alilolisikia kwa babu yake. Tulimwambia mwakani, baada ya harusi. Harusi ikapita, ukumbi ulijaa, mapambo yalikuwa ya kupendeza. Mwakani haikumkuta. Allah amrehemu.

Kwa hivyo wewe unayeolewa baada ya mfungo, unayepunguza hiki na kuongeza kile kwenye orodha yako, ongeza mstari mmoja. Uandike jina la mama. Si lazima iwe Omani, hata Mombasa ni nje ya nchi. Punguza sare moja, punguza maua ya meza, fungua kibubu, wakusanye ndugu zako. Na ukifika huko, mzuie asiingie jikoni.

Mwenyezi Mungu awape mama zetu afya ya kusafiri, na atupe sisi haya ya kuacha kuwaahirisha. Amin.