Barua ya Mwalimu Si Cheti cha Tabia Njema

Si siku nyingi alinijia kijana mmoja wa mtaani petu, baada ya sala ya alasiri, akaketi nami barazani huku ameshika bahasha ya karatasi. Amehitimu shahada yake ya kwanza ya sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja humu nchini, na alama zake ni nzuri.

“Ami,” akaniambia, “vyuo sita vya Marekani nimeviomba nafasi ya kusomea uzamifu, na vyote sita vimenikataa. Nisomee karatasi hizi, uniambie kosa liko wapi.”

Mimi elimu yangu ya mwanzo ni ya chuoni, na kazi yangu ni kalamu. Kompyuta naijua kwa kuandikia tu. Lakini karatasi nilizisoma, kisha kwa siku kadhaa nikawauliza wajuao na kusoma yaliyoandikwa na maprofesa wenyewe juu ya jinsi wanavyochagua wanafunzi. Niliyoyakuta nayaandika hapa kwa sababu kijana huyu si peke yake. Wako wengi kama yeye kuanzia Vanga hadi Lamu, na wazazi wao wanauza walicho nacho ili watoto wagonge mlango ambao hawajui unafunguliwa kwa ufunguo gani.

Profesa anatafuta nini

Wengi wetu tunadhani kuomba nafasi ya uzamifu, yaani shahada inayompa mtu cheo cha daktari wa elimu, ni kama kuomba nafasi ya shule ya upili: mwenye alama za juu huingia, na mwenye za chini hubaki nje. Sivyo. Katika idara za sayansi ya kompyuta za Marekani, anayekubaliwa kusomea uzamifu aghalabu halipi karo. Chuo humlipia, tena humpa posho ya kujikimu kwa muda wa miaka mitano au sita, na mara nyingi haambiwi kwanza asome shahada ya uzamili.

Sasa jiulize, ndugu msomaji, fedha hizo zatoka wapi? Nyingine ni ujira wa kusaidia kufundisha wanafunzi wa chini. Nyingine hutoka katika ruzuku ambazo profesa amezitafuta mwenyewe kwa ajili ya utafiti wake. Basi profesa asomapo maombi huwa anamtafuta mtu wa kufanya naye kazi kwa miaka, na wa kumlipa. Suali lake ni moja: huyu, nikimpa jambo ambalo jawabu lake halimo katika kitabu chochote, ataweza kulitafuta?

Hati ya alama haiwezi kulijibu suali hilo, kwa kuwa mtihani hupima yale ambayo tayari yanajulikana. Ndiyo maana baada ya mwaka 2020 idara nyingi za kompyuta ziliacha kudai ule mtihani wa GRE, ilhali barua za walimu, ambazo kwa kawaida ni tatu, zimebaki palepale. Anayeweza kumjibu profesa ni mtu aliyefanya kazi na kijana, akamwona akikwama, na akamwona akijikwamua. Profesa anataka shahidi.

Nilizifunua barua za kijana wangu, ambazo walimu wake wawili walimpa nakala. Ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Ilisema mwalimu anamjua kwa miaka miwili, kwamba ni mwenye nidhamu, kwamba alifanya vizuri katika masomo mawili, na kwamba anamtakia kheri. Ya pili ilikuwa ndugu yake wa kwanza. Ni majina ya masomo tu yaliyobadilika. Barua hizo zingemfaa mtu anayetafuta kazi ya ukarani. Mbele ya profesa aliye na rundo la maombi mezani, barua kama hizo ni sawa na kunyamaza.

Ndoo na ndoo

Kisha nikasoma maelezo yake ya nia, ile karatasi ambayo mwombaji hueleza anataka kutafiti nini na kwa nini. Alianza kwa kusema kwamba amependa kompyuta tangu utotoni. Akakisifu chuo anachokiomba, akataja ukubwa wake na umaarufu wake, kana kwamba wenyewe hawajijui. Karatasi ikaisha.

Nikamwuliza, “Mwanangu, katika miaka yako minne hukuwahi kutengeneza kitu chako mwenyewe?”

Akainama kwa haya. Akasema kipo kitu, lakini ni kazi ya nyumbani tu. Alikuwa amechukua programu inayosikiliza maneno ya Kiswahili na kuyaandika. Akamjaribishia nyanya yake, ambaye husema Kimvita cha asili. Bibi aliposema “ndoo hapa”, yaani njoo hapa, mashine ikaelewa ndoo ya kutekea maji. Aliposema “ndia”, ikapotea njia kabisa. Kijana akawarekodi wazee wa mtaani, akayaandika maneno yao kwa mkono, akaifundisha programu upya. Mara ya kwanza ikawa mbaya zaidi kuliko awali. Akatafuta sababu, akaiona, akarekebisha, na makosa yakapungua.

“Na haya mbona hukuyaandika?”

“Niliona ni kujisifu, Ami.”

Hapo ndipo nilipolitambua kosa, na kusema kweli ni kosa letu sisi tuliomlea. Tumemfundisha kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Tumemwonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni mafunzo mema, na sitaki yaachwe. Lakini kujisifu ni mtu kusema kwamba yeye ni hodari. Kutoa hesabu ya kazi ni kusema: tatizo lilikuwa hili, nilijaribu hivi, nikashindwa kwa sababu hii, nikabadili hili, na bado sijui lile. Fundi wa jahazi anayekuonyesha mahali alipobadili ubao hajajisifu, amekueleza jahazi lilivyo. Kijana aliificha kazi ambayo ndiyo hasa profesa alikuwa akiitafuta.

Wenye fani hii waliwahi kumtaja Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, yule mwanachuoni wa Baghdad wa zama za Khalifa al-Ma'mun katika karne ya 9, ambaye kutokana na jina lake Wazungu walipata neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua za kufanyia hesabu. Jina lake limedumu kwa sababu aliziandika hatua zake moja moja, mtu mwingine akaweza kuzifuata. Lau angeziacha kichwani kwa haya, sisi leo tungemjulia wapi?

Ijaza tunaijua

Na hili la ushuhuda si geni kwetu. Mwanafunzi wa elimu ya dini wa zamani aliulizwa: umesoma kwa nani, na umesoma kitabu gani? Ijaza aliyopewa na shekhe wake ilitaja kitabu, ikamtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu. Haikuishia kusema kwamba kijana ana adabu. Hata katika ushairi, mtu hajiiti malenga. Malenga wenziwe ndio humwita hivyo baada ya kumjibu na kujibiwa naye. Profesa wa Marekani anapoomba barua, anaomba ijaza, na sisi tunampelekea cheti cha tabia njema.

Sitaki kuwalaumu wahadhiri peke yao. Mhadhiri mwenye darasa la wanafunzi mia mbili, ambaye kijana alimjia wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, ataandika nini zaidi ya mistari minne? Dawa huanza mapema. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu na amwendee mwalimu mmoja, amwombe kazi ndogo ya utafiti, aifanye mpaka mwisho. Anapoomba barua, ampe mwalimu muda wa miezi miwili, na ampe ukurasa mmoja unaomkumbusha walichofanya pamoja. Naye mwalimu aandike alichokiona kwa macho yake: tatizo, hatua, matokeo, na akiweza amlinganishe kijana na wengine aliowafundisha. Barua ya mhadhiri kijana aliyefanya kazi na mwanafunzi ina uzito kuliko ya mkuu wa chuo asiyelijua hata jina lake.

Na kalenda yao haingoji. Idara nyingi za kompyuta za Marekani hufunga maombi katika nusu ya kwanza ya Desemba. Majibu hutoka kati ya Januari na Machi, na aliyekubaliwa kwa ufadhili hupewa mpaka tarehe 15 Aprili kuamua. Ada ya maombi katika vyuo vingi ni kati ya dola 75 na 125 kwa kila chuo, na hairudi. Kwa vyuo sita, hizo si chini ya dola 450. Za kijana wangu zilitoka katika pesa za mchezo alizocheza mamake kwa mwaka mzima. Hakujua kwamba viko vyuo vinavyomsamehe ada mwombaji asiye na uwezo, maadam ameomba msamaha huo mapema.

Mlango umekuwa mwembamba

Jambo hili limezidi uzito kwa yaliyotokea mwaka 2025. Marekani ina mpango mkubwa wa ufadhili wa watafiti vijana, unaotolewa na shirika la serikali la sayansi liitwalo NSF. Mpango huo ulianza mwaka 1952. Anayeuteuliwa hupata dola 37,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na miongoni mwa waliowahi kuupata ni Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google, ambaye alizaliwa Moscow. Mwaka 2024 walioteuliwa walizidi 2,000. Aprili 2025 walitangazwa 1,000 tu, na Juni wakaongezwa 500.

Vijana wetu wafahamu kwamba mpango huo ni wa raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani, wasipoteze wakati kuuomba. Lakini msukosuko wake unawagusa. Ruzuku za serikali zinapotikisika, maprofesa hupunguza watu wanaoweza kuwalipa, na baadhi ya vyuo vilipunguza nafasi za uzamifu mwaka huo. Aidha, mwishoni mwa Mei 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi, na ilipoyarudisha mwezi wa Juni iliwataka waombaji waziache wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Mlango unapokuwa mwembamba, barua ya mistari minne haipiti.

Wala mlango si huo mmoja. Saudia ina chuo cha KAUST, kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Thuwal, pwani ya Bahari ya Shamu. Ni chuo cha uzamili na uzamifu, na ufadhili wake hugharimia karo, makazi na posho. Abu Dhabi ina chuo cha akili ya kubuni cha Mohamed bin Zayed, kilichotangazwa mwaka 2019, ambacho nacho hufadhili wanafunzi wa shahada za juu. Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon lifundishalo uzamili. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliobuniwa mwaka 1959. Ujerumani na Uholanzi mara nyingi huitangaza nafasi ya uzamifu kama kazi ya mshahara, lakini hutaka kwanza mtu awe na uzamili. Liko pia kundi la Black in AI, lililoanzishwa mwaka 2017 na Timnit Gebru na Rediet Abebe, wote wenye asili ya Uhabeshi, ambalo limekuwa likiwaelekeza waombaji weusi. Kote huko suali ni lile lile: umefanya nini, na nani alikuona?

Wazee waliposimamisha hapa Mombasa taasisi ya MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, shabaha ilikuwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wasikose elimu ya ufundi. Taasisi hiyo ikageuka kuwa ya ufundi ya watu wote mwaka 1966, ikawa politekniki mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, nacho kilipata hati yake. Basi shahada ya kwanza tumeletewa mlangoni. Ngazi inayofuata ni utafiti, na hiyo haipandwi kwa alama peke yake.

Kijana wangu ameamua kuomba tena. Safari hii karatasi yake inaanza na nyanya yake na ile ndoo. Amemwendea mhadhiri mmoja, akamwonyesha rekodi za wazee, na mhadhiri amekubali wafanye kazi pamoja kabla hajaandika neno lolote. Kama atakubaliwa au hatakubaliwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini akikataliwa safari hii, awe amekataliwa kwa kazi yake, si kwa kunyamaza kwake na kwetu.