Magi Iliyo Kwenye Takataka



Mwezi huu tuzungumze juu ya maganda. Wengine watacheka: pasta ameacha mimbara, sasa anaingia jikoni. Mcheke, lakini msome.

Wazee wa kazi munakumbuka miaka ile baada ya 2002, kasiterite ilipovuta watu elfu na elfu katika pori hili. Chumvi, kitunguu, hata sabuni, vyote vilitoka Njingala juu ya mgongo wa mtu, zaidi ya kilometa 40 ndani ya matope. Siku hizi barabara imetusogelea, lakini karoti na poaro bado zinapenda baridi ya milima kama ile ya Masisi, si joto la pori letu. Kila mkono zinaopitia unaongeza bei. Ukitupa ganda, unatupa kitu ulichokwisha kulipia safari.

Mimi nilijifunza hivyo mwezi wa tatu 2025. Kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi kwa muda, kisha M23 wakaingia Walikale-Centre, vitu vikaanza kukosa. Kwetu magi iliisha. Nikamwona mke wangu anaokota maganda ya karoti, ngozi za tomate na majani ya seleri, anayatandaza kwenye kichanja juu ya moto, pale tunapokaushia samaki. Nikaona haya. "Mama, wageni wakija watasema nini?" Akajibu, "Watasema muchuzi iko mutamu, Baba." Na ndivyo walivyosema. Nami nilikuwa nimehubiri mara ngapi juu ya vile vikapu 12 vya mabaki katika Yohana 6!

Namna yake ni hii. Osha mboga kabla ya kuimenya, kwa maji safi ya chemchemi au ya mvua. Hapana maji ya kijito kilicho chini ya mahali panapooshewa mawe. Chukua maganda ya karoti, seleri, ile sehemu ya kijani ya poaro, ngozi ya tomate, na ganda la kitunguu lililo laini (la nje kabisa, lenye udongo, litupe). Kata ndogo-ndogo. Penye jua kali wanaanika nje siku mbili tatu. Sisi watu wa mvua tutumie kichanja, juu kidogo, moshi usizidi. Yako tayari yakivunjika mkononi kwa sauti, kama jani kavu. Yakipinda tu, bado. Ukiyatwanga hivyo yataota ukungu, na ukungu mwingine una sumu inayoharibu maini. Twanga kwa kinu, chekecha, kisha changanya vijiko vitatu vya unga na kimoja cha chumvi ya pakiti, yenye iyodi. Weka katika chupa kavu yenye kifuniko. Kijiko kimoja kinatosha sufuria ya maharagi, karibu na mwisho wa kupika.

Lakini si kila ganda, tafadhali. Ganda la muhogo, hapana kabisa! Sumu ya muhogo mchungu imejaa zaidi katika ganda kuliko ndani. Mnasikia juu ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watoto na wamama: daktari Trolli aliuandika tangu 1938 huko Kwango, na unawapata wanaokula kwa wiki nyingi muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Ganda la kiazi lililogeuka kijani pia ni sumu. Vijana munaopika wenyewe kambini, mushike hilo kwanza, mengine baadaye.

Musidharau kazi hii kwa sababu ni ya maskini. Hata Julius Maggi wa Uswisi, alipotoa supu yake ya unga wa mbaazi na maharagi mwaka 1886, aliwafikiria wafanyakazi wa viwanda, wasio na feza wala nafasi ya kupika. Kile kipande cha mraba kilifuata 1908. Soma karatasi yake: mara nyingi kitu cha kwanza ni chumvi.

Na bibi zetu je? Walichoma maganda ya ndizi, wakachuja majivu kwa maji, wakapata munyu wa kulainisha maharagi na mboga ngumu. Waluhya wa Kenya wanao bado, wanauita musherekha. Mama yeyote anayekumbuka kipimo cha bibi yake, aniletee siku ya yenga baada ya ibada, tukichape hapa.