Mgeni wa Harusi Hana Cheo Mpakani

Kila ifikapo miezi ya Agosti na Desemba, shule zikiwa zimefungwa na watu wa mijini wamepata likizo, barabara ziendazo Busia na Tororo hujaa magari yaliyopambwa kwa maua na tepe. Hayo ndiyo majira ya harusi. Na kwa kuwa watu wa sehemu hizi hawakugawanyika kama ramani ilivyogawanyika, harusi nyingi huwa na mguu mmoja Uganda na mguu wa pili Kenya. Bwana arusi atakuwa wa Tororo na bibi arusi wa Amukura. Posa itapelekwa Dabani na ndoa itafungwa Nambale. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na shangazi wa bibi arusi huenda akawa na shamba huku na soko lake kule.

Katika misafara hiyo askari hawakosekani. Mmoja ni kaka wa bibi arusi, mwingine ni rafiki wa bwana arusi tangu siku za mafunzo, na wa tatu amealikwa kwa sababu kila ukoo hupenda kuonekana una kijana serikalini. Hao ndio ninaotaka kuzungumza nao leo, wanajeshi na polisi, kabla kadi za mialiko hazijaanza kugawanywa tena.

Shauri langu ni moja. Askari anayevuka mpaka kwenda harusini na aache cheo chake nyumbani, achukue hati zake, awe mgeni kama wageni wengine. Akifanya hivyo atafika salama, ataona mengi, na atarudi kazini jina lake likiwa safi. Asipofanya hivyo ataiharibu furaha ya watu, na huenda akaharibu jambo lililo kubwa kuliko harusi.

Nasema hivyo kwa sababu mpaka huu una kumbukumbu. Mwaka 1902 Waingereza waliikata sehemu ya mashariki ya Uganda, iliyokuwa ikifika hadi Naivasha, wakaitia katika himaya yao nyingine ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 1926 mstari ukathibitishwa kwa sheria, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta ni raia wa serikali mbili. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda. Kenya ikakataa kwa ukali, na uhusiano wa majirani ukaingia baridi. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Kisha, Desemba 1987, majeshi yote mawili yakiwa na silaha, risasi zilifyatuliwa hapo hapo Busia, watu wakapoteza maisha, na mpaka ukafungwa. Ilibidi Rais Moi na Rais Museveni wakutane Malaba mwishoni mwa mwezi huo ili moto uzimwe.

Tazama mwezi wenyewe: Desemba, mwezi wa harusi. Hatuwezi kuhesabu ni ndoa ngapi ziliahirishwa siku zile, lakini kila mwenye akili aweza kuwaza hali ya mama aliyekwisha kupika huku wageni wake wamezuiliwa ng'ambo. Kwa watu wa Busia mtu mwenye sare na bunduki anayepita asipostahili kupita si jambo la mzaha, kwa maana wazee wangali wanakumbuka.

Kwa hiyo tuanze na maandalizi. Kwanza, omba ruhusa ya mkuu wako mapema, kwa maandishi, nawe utaje kwamba unakwenda nchi ya jirani. Ruhusa ya kwenda nyumbani si ruhusa ya kutoka nje ya nchi. Pili, sare na silaha zibaki kambini au kituoni. Mara tu unapovuka, amri uliyopewa na serikali yako imekwisha nguvu. Bunduki mkononi mwako haiwi tena chombo cha kazi, bali ni kosa, tena kosa linaloweza kuwaamsha mawaziri usingizini.

Tatu, hati. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda waweza kusafiri baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho cha kazi, hata kiwe na nyota ngapi, hakitoshi. Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ikiwa unakwenda na gari lako, usisahau Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo ni bima ya gari, pamoja na kibali cha kuliingiza gari kwa muda. Wengi huzichanganya karatasi hizi mbili kwa sababu ya rangi yake. Basi kumbuka kwamba manjano ya kwanza ni ya mwili wako, na manjano ya pili ni ya gari lako.

Utaratibu wa kuvuka umekuwa mwepesi kuliko zamani. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Museveni na Kenyatta. Anayeingia Kenya husimama upande wa Kenya tu, na anayeingia Uganda husimama upande wa Uganda tu. Mahali hapo pamoja hukuta maofisa wa nchi zote mbili. Linalochelewesha watu ni malori. Msafara wa harusi uliotoka Kampala saa nne asubuhi, ukitumaini kuwahi misa ya saa nane, umejidanganya. Fikeni siku moja kabla, mlale, asubuhi mwende kanisani mmepumzika.

Nne, zawadi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, na adhabu yake ni faini kubwa au kifungo. Mgeni anayefunga vitenge vya mama mkwe katika kaveera huvuka na kosa mkononi bila kujua. Fungeni zawadi kwa kitambaa au kikapu. Na ikiwa zawadi yenyewe ni ng'ombe wa mahari, basi jueni kwamba ng'ombe hahesabiwi kuwa mwalikwa. Yeye huhitaji karatasi za mganga wa mifugo, na karatasi hizo hazipatikani asubuhi ya harusi. Fedha nazo zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni. Shilingi ya Kenya na shilingi ya Uganda zina jina moja tu, thamani hazifanani, na wapo vijana pale barabarani ambao riziki yao ni yule mgeni asiyejua hesabu.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba watu wa Busia huvuka kila siku kwa njia za panya. Kwamba nyumba ya bibi arusi iko hatua mia mbili tu kutoka mtaroni. Kwamba bibi mwenye kapu la samaki hapigi mhuri, seuze askari ambaye walinzi wote ni wenzake. Maneno haya yana ukweli ndani yake, wala sitaki kumlaumu bibi wa samaki. Lakini bibi huyo akikamatwa, ataonywa na kurudishwa, na habari itaishia sokoni. Askari akikamatwa ng'ambo bila hati, hataitwa mgeni wa harusi. Ataitwa mwanajeshi wa nchi ya kigeni aliyeingia kwa siri, na swali la kwanza litakuwa: ametumwa na nani? Hapo bwana arusi atakuwa kituoni akimwombea dhamana badala ya kuwa mezani akikata keki.

Niliwahi kuhudhuria harusi moja ya namna hiyo upande wa pili. Kijana mmoja, mtu mwema asiye na ubaya, alisimamishwa kizuizini pamoja na gari letu. Mlinzi alimwomba kitambulisho kwa adabu. Kijana akajibu, “Hunijui mimi ni nani?” Mlinzi akasema, “Ndiyo maana ninakuuliza, ndugu.” Tulikaa hapo mpaka jua likazama. Tulipofika, bibi arusi alikuwa amekwisha kuagana na wazazi wake, na wimbo wa kumuaga tuliusikia kwa kusimuliwa tu. Tangu siku ile nimejua kwamba swali la mlinzi halikuwa tusi. Lilikuwa ni kazi, kazi ile ile ambayo kijana wetu mwenyewe huifanya kila juma nchini kwake.

Baada ya kufika salama, mgeni asikae hemani tu akingojea sahani. Sehemu hizi zina mambo ya kuonwa. Mwamba wa Tororo unasimama juu ya mji kama mlinzi asiyebadilishwa zamu. Ni kiini cha volkano ya kale kilichobaki baada ya udongo wa pembeni kumomonyoka, na kilele chake ni karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Askari mwenye mapafu mazuri hatapata taabu kuupanda. Kutoka juu ataona kiwanda cha saruji, reli itokayo Malaba, Mlima Elgon kaskazini, na mashamba ya nchi mbili yasiyoonyesha wapi moja inakwisha na nyingine inaanza. Lakini apande asubuhi, tena aende na kijana wa mji. Tororo ilihesabiwa kati ya mwaka 1967 na 1976 kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu ambayo miji michache sana duniani yaweza kuifikia, na mara nyingi radi huja alasiri. Mwamba mtupu wakati wa radi si mahali pa kuonyesha ushujaa.

Upande wa Kenya, kaskazini ya Malaba, kuna Kakapel, pango lenye michoro ya watu wa kale, ambalo limehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kwamba hapo zilipatikana mbegu za kunde zenye umri wa miaka ipatayo 2,300. Basi sahani ya kunde itakayowekwa mbele yako siku ya harusi ni chakula kilicholiwa hapa kabla ya mpaka, kabla ya reli na kabla ya majina ya nchi zetu. Anayependa maji na ateremke Majanji upande wa Uganda, au Sio Port upande wa Kenya, akale samaki wa Ziwa Viktoria. Na atakayepanda bodaboda na ajue kwamba amepanda historia, kwani chombo hicho na jina lake vilianzia hapa mpakani miaka ya 1960 na 1970, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwabeba abiria toka kizuizi kimoja hadi kingine wakiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka.

Usiku lala ndani ya chandarua, maana malaria haijaondoka katika wilaya hizi. Ukialikwa kwenye chungu cha malwa, ile pombe ya wimbi ambayo Wateso huiita ajon, keti ulipoonyeshwa, pokea mrija kwa heshima, wala usipulize ndani yake. Kunywa kidogo, sikiliza sana. Wazee huzunguka chungu kile ili kuzungumza, na mtu aliyefundishwa kulinda siri za taifa hapaswi kuzimwaga kwa mrija mmoja.

Sasa nigeuke kwa wale ambao siku hiyo hawakualikwa, bali wako zamu pale kizuizini. Ninyi nanyi mna sehemu yenu katika harusi. Msafara ukifika, simamisheni, kagueni, ulizeni, kwa maana hata mhalifu aweza kujificha nyuma ya maua. Lakini fanyeni hayo haraka na kwa maneno mema. Msiombe “soda ya bibi arusi”. Shilingi iliyotolewa mahali pale kwa hofu haisahauliki; itasimuliwa katika ukoo wa mume na katika ukoo wa mke, Uganda na Kenya, kwa miaka mingi, na itasimuliwa kwa jina la sare na si kwa jina la mtu mmoja. Msafara uliopitishwa kwa adabu nao utasimuliwa vile vile.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpaka wa Busia na Malaba umepata kuona askari wakija kwa sababu zisizomponya mtu yeyote. Yafaa sasa uwaone wakija na vikapu vya zawadi, vitambulisho mkononi, wakingoja zamu yao katika mstari nyuma ya bibi wa samaki. Atakayeweza kusimama katika mstari ule kwa subira, huku akijua kwamba kwao yeye ni mkubwa, huyo ndiye aliyefuzu mafunzo yake. Na mzee wa Kisamia atakayemwona hapo hatamwogopa tena, atamsogezea kiti.