Imani Yetu Ionekane Kwenye Mizani na Kwenye Mshahara



Ndugu zangu Wakristo wa madhehebu yote, nawaandikia kuhusu siku sita zinazofuata siku ya ibada. Siku ya ibada yenyewe tunaijua vizuri. Makanisa yanajaa, kwaya zinavaa sare, harambee ya kuezeka inafikia lengo. Lakini jirani yetu asiye wa imani yetu hayupo pale kusikia mahubiri. Anakutana nasi dukani, ofisini, kwenye daladala, kwenye kibaraza cha nyumba tuliyopanga pamoja. Anamfahamu Kristo kwa namna tunavyompimia unga, tunavyomhudumia dirishani na tunavyomlipa kibarua aliyetufulia nguo. Mtaa mzima unajua nani hulipa madeni yake na nani hujifungia ndani akibishiwa hodi.

Tuanze na kipimo. Aliyewahi kufika Njombe au Makete msimu wa viazi ameiona lumbesa kwa macho yake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa kilemba cha viazi juu, linashonwa kwa kamba mpaka linasimama kama mtu aliyebeba mzigo kichwani, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria imelikataza jambo hili na Wakala wa Vipimo wamelisemea miaka mingi. Magunia yale bado yanapakiwa, mengine kwenye lori lenye maandishi ya kumtukuza Yesu juu ya kioo cha mbele. Mkulima anayasoma maandishi hayo huku akihesabu hasara yake. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli wa aina hii zaidi ya miaka 2,700 iliyopita. Watu wale walikuwa waumini na Sabato waliishika, ila waliona inachelewa kwisha wafungue maghala, wapunguze kipimo na kupandisha bei.

Sasa tuingie ndani ya nyumba zetu, mahali ambapo mchungaji haoni na afisa wa serikali haingii. Dada wa kazi ameamka saa kumi na moja alfajiri. Amechemsha maji, ameandaa uji, amewavalisha watoto soksi na kuwakimbiza kwenye basi la shule. Usiku familia inakusanyika sebuleni kwa sala ya jioni, yeye yuko jikoni anasugua masufuria, na hakuna anayemwita. Mshahara wake "unatunzwa" na mama mwenye nyumba. Siku anapotaka kurudi kwao unaanza kukatwa: glasi iliyovunjika, sabuni, nauli aliyoletwa nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ni wangapi kati yetu tumewahi hata kufikiri kwamba likizo hiyo inamhusu binti huyu? Yakobo anatuonya katika sura ya tano ya waraka wake kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Mungu. Naogopa sana tunaposoma maneno hayo kanisani huku tukiwafikiria matajiri wengine.

Lipo swali ambalo makundi ya watu walimuuliza Yohana Mbatizaji kule mtoni, na Luka ameliandika katika sura ya tatu. Walitaka kujua wafanye nini. Yohana hakuwapa wote jibu moja. Watoza ushuru aliwataka wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari aliwataka wasiwadhulumu watu, waridhike na mishahara yao. Mwenye kanzu mbili agawane na asiye nayo. Kila kundi lilijibiwa kwa kazi yake, wala hakuna aliyeambiwa aache kazi akaishi jangwani. Toba ilikwenda kukaa pale pale walipokuwa wakipata riziki.

Najua jibu la wengi, kwa sababu nalisikia kila mara: biashara ni ngumu, nikikataa lumbesa mwenzangu atauchukua mzigo na mimi nitarudi na lori tupu. Ni hoja ya kweli na haifai kupuuzwa. Mtu mmoja peke yake anavunjika haraka. Ndiyo maana wito huu nauelekeza kwetu sote kwa pamoja, na mfano wa kufuata tunao hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya, ukafika na Bukoba. Wazee wanakumbuka nyimbo na machozi. Mimi nataka tukumbuke vitu vilivyorudishwa. Waliookoka walirudisha walichoiba, waliwaendea waliowakosea wakaungama, walilipa. Waliweza kwa sababu walikutana kila wiki na kuambiana ukweli kuhusu fedha, ndoa na chuki zao, na wao wenyewe waliuita mwenendo huo kutembea nuruni. Miaka ya 1950, vita vya Mau Mau vilipopamba moto Kenya, wengi wao walikataa kula kiapo na pia walikataa kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi waliuawa kwa msimamo huo.

Lakini ni Rwanda hiyo hiyo ambako mwaka 1994, katika nchi ambayo watu wake wengi ni Wakristo, watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo humo. Makanisa ya Nyamata na Ntarama leo ni kumbukumbu za mauaji yale, na ndani yake yamehifadhiwa mavazi ya waliouawa. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Ubatizo na urithi wa uamsho havikutosha pale ambapo watu walikuwa wameacha kuulizana kwa uwazi wanavyomtazama jirani. Hilo lituondolee kabisa kiburi cha kuhesabu idadi ya waumini.

Basi ninaomba hivi. Jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba, vikundi vya maombi na shule za Sabato vitenge sehemu ya kikao kila mwezi kwa ajili ya swali lile la mtoni, kila mtu alijibu kwa kazi yake. Wanunuzi wa mazao waliomo wakubaliane kwa pamoja kununua kwa kilo na kuachana na kilemba, na wawataje wenzao wa kuwaingiza katika makubaliano hayo hata kama ni Waislamu, kwa kuwa dhuluma hata wao wanaichukia. Nesi, karani na askari waseme wazi ni wapi wanashawishika kudai "ya soda", na wenzao wasimame nao. Mwenye duka atoe risiti bila kuombwa. Wachungaji, mapadre na makatekista, msiogope kuuliza kuhusu mishahara ya wasaidizi wa ndani mnapokwenda kubariki nyumba. Mnauliza kuhusu ndoa na sadaka, na hili nalo ni la roho.

Na tusingoje kikao. Yeyote mwenye mshahara wa dada mkononi aukabidhi wote kabla ya ibada ijayo, pamoja na tarehe ya likizo yake, na jioni ile amwite sebuleni kwenye sala. Vyombo vinaweza kusubiri.