Zawadi ya Arusi na Nyumba Yetu ya Pamoja



Miezi ya likizo inapofika, ni nadra Jumamosi kupita katika parokia zetu za Butembo na Beni bila ndoa kubarikiwa. Kamati ya arusi huketi mapema, daftari hufunguliwa, michango huandikwa, na mwishoni huulizwa swali ambalo wengi wetu hulijibu bila kufikiri: maarusi tuwapelekee nini? Tungependa kulitafakari swali hilo pamoja nanyi, kwa maana ninyi ndio mnaooa na kuolewa, ninyi ndio mnaoandika katika daftari hilo, na ninyi ndio mtakaoishi katika nchi hii miaka mingi baada ya sahani za karamu kuoshwa.

Tuanze kwa kuungama kosa letu. Si zamani sana tulikwenda kuwatembelea vijana wawili wa shirika letu, wiki chache baada ya arusi yao. Katika chumba kidogo walichopanga tulikuta chupa saba za chai, saa nne za ukutani, na maua ya plastiki yasiyokuwa na mahali pa kuwekwa. Moja ya saa hizo tuliitoa sisi, nayo ilikuwa imekwisha kusimama. Uani, mke kijana alikuwa akipuliza makala katika mbabula ya bati iliyotoboka, maana kati ya wageni wote, nasi tukiwamo, hakuna aliyekumbuka kwamba watu hawa watapika kila siku. Tulirudi nyumbani na aibu. Tulikuwa tumetoa ili tuonekane kuwa tumetoa.

Tangu siku ile tumejifunza kuitazama zawadi kwa maswali matatu: Imetoka wapi? Itafanya kazi gani? Ikichakaa, itakwenda wapi?

Imetoka wapi? Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana mbali kwa bidii yao; wamefika Dubai na Guangzhou, na mizigo yao huvuka bahari hadi Mombasa, kisha huingia kwa barabara kupitia Kasindi. Hatuwalaumu, kazi yao imelisha na kusomesha wengi wetu. Lakini kitu kilichosafiri njia ndefu namna hiyo, kikafika na kuvunjika kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, kimemnufaisha nani? Wakati huohuo mfumaji wa vikapu, mfinyanzi na seremala wa mtaani kwetu wanasubiri mteja.

Itakwenda wapi? Jibu tunaliona kila mvua kubwa inaponyesha. Mto Kimemi unaopita katika mji wa Butembo hubeba chupa tupu na mifuko ya plastiki, ile tunayoiita sashe. Serikali ya nchi yetu ilitoa amri tarehe 30 Desemba 2017 kukataza mifuko hiyo isitengenezwe, isiingizwe wala kuuzwa. Bado tunafungia zawadi ndani yake, na tunaitupa njiani tukitoka ukumbini tulimoimba nyimbo za kumsifu Muumba.

Swali la kati, itafanya kazi gani, ndilo linalotugusa zaidi, kwa sababu linatupeleka jikoni. Karibu nyumba zetu zote mjini hupika kwa makala. Katika tanuru la udongo tunalolijua, kilo moja ya makala hula kilo nyingi za kuni; mti mzima hugeuka magunia machache tu. Na miti hiyo hutoka mahali fulani. Jirani yetu ni Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1979. Tangu 1994 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Katika sehemu zake kadhaa biashara haramu ya makala imelilia msitu na kuwalisha wenye silaha, na walinzi wengi wa mbuga wamepoteza maisha yao kazini. Haiwezekani, basi, kusema kwamba jiko la bibi arusi ni jambo dogo lisilohusiana na amani tunayoiomba katika kila Misa.

Hebu tufanye hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuifanya nyumbani kwake. Tuseme nyumba changa humaliza gunia moja la makala kwa mwezi. Jiko bora, lenye kikombe cha udongo kinachohifadhi moto, likiokoa robo tu ya gunia hilo, kwa mwaka ni magunia matatu, na kwa miaka kumi ni magunia thelathini. Fedha hiyo itanunua daftari za watoto na dawa. Moshi utakaopungua ni pumzi ya mama na ya mtoto aliye mgongoni mwake. Hiyo ni zawadi inayorudi kila mwezi, ijapokuwa katika daftari la kamati iliandikwa mara moja tu.

Pamoja na jiko, upandwe mti. Kuanzia mwaka 2007 mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umewasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala katika mashamba yao wenyewe, ili msitu wa mbuga upumzike. Lililowezekana kwa wakulima hao linawezekana kwa kamati ya arusi. Kwa maarusi wenye kipande cha ardhi katika milima ya Butembo na Lubero, miche ya parachichi na ya kahawa itakua pamoja na watoto wao. Kwa wale wa upande wa Beni, kuna kakao. Wasio na shamba wapewe kuku au sungura, ambao samadi yao hurutubisha hata bustani ndogo ya mboga nyuma ya nyumba.

Wala jambo hili si geni kwetu. Katika desturi za Kinande, mahari ilihesabiwa kwa mbuzi. Mbuzi huzaa, hulisha shamba kwa samadi yake, huuzwa siku ya ugonjwa. Wazee wetu hawakuhitaji neno la kigeni ili kujua kwamba zawadi njema ni ile inayozaa. Sisi ndio tuliosahau, tukadhani kwamba heshima imo katika karatasi inayong'aa.

Tunajua kwamba mtatujibu, na majibu yenu ni ya haki.

Wengine watasema: nikimpelekea rafiki yangu miche mitano, watu wataniita mchoyo. Inawezekana. Lakini wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Bwana wetu alimsifu mjane aliyeweka sarafu mbili hekaluni mbele ya matajiri waliotoa vingi. Kama aibu inatuzuia, basi tutoe kwa pamoja: vijana kumi wa kundi moja, wakiunganisha kidogo walicho nacho, hununua jiko zuri na miche ya kutosha, na jina linaloandikwa ni la kundi zima.

Wengine watauliza: je, mnamhukumu mama anayeuza makala sokoni? Hapana kabisa. Mama huyo anatafuta ada ya shule, na mara nyingi yeye ni maskini kuliko sisi tunaonunua kwake. Tunajihukumu sisi wenyewe, tunaochoma bila hesabu. Tena hatusemi kwamba kila plastiki ni dhambi. Bido la maji litakalotumika miaka kumi ni zawadi ya busara. Taa ya jua inayozimika baada ya miezi mitatu, hata kama ina jina zuri, ni takataka nyingine.

Jibu la tatu ndilo zito, nalo linatoka hasa Beni. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamewafukuza watu wetu mara nyingi kutoka mashambani mwao. Kijana wa huko ana haki ya kutuuliza: nipande mti ambao huenda nisiruhusiwe kurudi kuuona? Hatuna jibu jepesi, na tungeona haya kulitoa. Kwa familia iliyo njiani, zawadi bora ni ile inayobebeka: jiko dogo, jembe, mbegu zilizofungwa vizuri, akiba iliyowekwa kwa jina la mke na mume. Lakini tumewaona pia watu waliorudi baada ya miezi mingi wakakuta nyumba imechomwa na mparachichi umesimama, umezaa. Walikula matunda yake wakati wakitafuta bati la kuezekea. Kabati la kioo lisingewangojea hivyo.

Katika barua yake Laudato Si', ya tarehe 24 Mei 2015, Papa Fransisko hakudharau matendo madogo ya nyumbani. Anataja kupunguza matumizi ya plastiki, kupika kile tu kitakacholiwa, kupanda miti. Haya yote yamo ndani ya siku moja ya arusi. Hata huko Kana ya Galilaya, tunakumbuka, divai ilipokwisha Bwana hakuagiza kitu kipya kutoka mbali. Alitumia mitungi sita ya mawe iliyokuwapo nyumbani, na maji ya pale pale. Karamu iliokolewa kwa vyombo ambavyo wenyeji walikuwa navyo.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kamati iwaulize maarusi wenyewe wanahitaji nini, kwa upole na mapema, na orodha fupi isomwe katika mkutano wa shirika bila kumlazimisha mtu. Pili, kila kundi la vijana, Kizito-Anuarite, Xaveri na mengine, liwe na kitalu kidogo cha miche uani mwa parokia, ili asiye na fedha asikose cha kutoa. Tatu, wiki chache baada ya arusi turudi kuwatembelea wale tuliowasindikiza altareni. Tuangalie kama jiko linawaka vizuri na kama mche umeshika. Na kama mche umekauka, tuje na mwingine. Sisi tuliotoa saa iliyosimama tumeanza hivyo: mwezi uliopita tulimpelekea yule mke kijana jiko, tukachelewa, naye akatupokea kwa chai.