Mchezo Unapokuuliza: Wewe ni Nani?



Ndugu wazazi na wanafunzi, tumezoea kwamba anayekwenda kutazama mchezo wa kuigiza hukaa kitini, akacheka au akalia kwa mambo ya watu wengine, kisha akarudi nyumbani na siri zake. Lakini ipo michezo isiyo na jukwaa, ambayo mtazamaji ndiye mchezaji na mashine ndiyo inayomwongoza.

Mwaka 2007 kundi la wasanii liitwalo Blast Theory, la mji wa Brighton nchini Uingereza, lilionyesha London mchezo uitwao Rider Spoke. Mtu huendesha baiskeli peke yake usiku, na kompyuta ndogo imefungwa kwenye usukani. Mashine humtaka ajipe jina na ajieleze alivyo, kisha humuuliza mengine, hata habari za baba yake. Hutafuta mahali pa kujificha, akajibu kwa sauti yake, na jibu likahifadhiwa kwa ajili ya mahali pale. Naye akipita penye majibu ya wenzake, huyasikiliza.

Lipo jema hapa. Aliyezoea kuwahukumu wengine anageuziwa swali yeye mwenyewe, na kuihesabu nafsi ni jambo tunalolifundisha madrasa tangu utotoni. Lakini kuihesabu nafsi ni baina ya mja na Mola wake. Aibu ya baba ukiitia katika mashine si yako peke yako, ni ya nyumba nzima, na mwenyewe hakuombwa ruhusa. Tena anayejua kwamba wageni watamsikiliza huanza kujipamba, mwishowe asijue lipi ni lake na lipi amelitunga. Hapo riya imeshaingia.

Kundi hilohilo mwaka 2003 lilikuwa na mchezo mwingine, Uncle Roy All Around You. Mwishoni mshiriki aliulizwa kama yuko tayari, kwa miezi 12, kumsaidia mtu asiyemjua akipatwa na shida. Kwetu sisi hilo ni swali zito zaidi. Anayesema ndiyo amejitwika deni, na nafsi yake itajulikana siku atakapolilipa, wakati mchezo umekwisha zamani na hakuna anayetazama.

Leo vijana wetu wana mashine ya namna hiyo mfukoni, inayowataka kila siku wajieleze kwa watu wasiowajua. Hatusemi wasishiriki. Tunasema kabla ya kutoa sauti yao wajiulize: nani ataitunza, na je, siri hii ni yangu kuitoa? Nasi wazazi tuwaulize watoto wetu maswali hayo mazito nyumbani, tena tuwasikilize mpaka wamalize. Mtoto asiyesikilizwa na baba yake atakwenda kumsimulia mgeni.